Picha Iliyokataa Fremu

"Mama Pacha, gundi iko wapi?"

"Gundi gani?"

"Ya kopo jeupe. Jana niliiacha hapa, kando ya picha."

"Labda nimeitupa."

"Labda? Umeitupa au hukuitupa?"

Mkewe akaingia jikoni.

Kinyozi alibaki ameinamia meza. Juu yake kulikuwa na picha ya kupangwa, ya vipande elfu moja vya karatasi ngumu, vinavyoshikana kama meno: mlima, ziwa, na mbingu isiyoisha. Watoto wao pacha waliwaachia walipoondoka kwenda kuanza kazi mbali. Jioni baada ya jioni, mume na mke waliipanga hadi ikakamilika. Sasa Kinyozi alitaka kuipaka gundi ishikamane, iwekwe fremu, itundikwe sebuleni wageni waione. Lakini kila akianza, kuna kizuizi. Juzi fundi wa fremu alisema mbao zimeisha. Leo gundi.

Simu ya mkewe ikalia mezani. Kinyozi hakuwa mtu wa kupekua, ila macho hayana pazia. Fundi wa fremu alikuwa ameandika:

"Shem, mzee akija tena niendelee kumdanganya? Mimi naogopa."

Fundi yule ni mgane, na mdomo wake una asali. Kinyozi akampigia kwa simu ileile.

"Ehe, shem!"

"Si shem. Ni mwenye mke."



"Mzee, mimi nimetumwa tu. Mbao ninazo tele. Mama ndiye aliyenikataza nisikutengenezee. Sababu muulize mwenyewe, ya mke na mume mimi simo."

Kinyozi akakata simu.

"Mama Pacha! Njoo hapa!"

Akaja, mikono inachuruzika maji.

"Una nini na fundi wa fremu?"

"Yule? Anayecheka kama mbuzi mwenye kikohozi?" Akaangua kicheko. Kisha akaiona simu yake mkononi mwa mumewe, kicheko kikakatika.

"Gundi umeitupa?"

"Nimeificha. Chini ya mchele."

"Mke anayetaka kuondoka hatundiki kitu ukutani. Sema, unakwenda wapi?"

"Anayeondoka ni wewe, Baba Pacha."

"Mimi niko hapahapa!"

"Tangu tuweke kipande cha mwisho, umekaa nami lini? Unakula umesimama, unarudi saluni kucheza drafti na wateja. Tulipokuwa tunaipanga ulikuwa unanisimulia mambo. Siku moja uliwataja watoto, ukalia. Miaka yote ya ndoa sijawahi kukuona ukilia. Ukishaitundika, kazi imekwisha. Mimi nitaongea na nani?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimwombe mume wangu anitazame kama anavyotazama kipande cha karatasi?"

Hasira yote ikamwishia Kinyozi, ikabaki aibu. Aliutazama mlima, akawafikiria wageni ambao tayari alishawatambia. Kisha akaingiza kiganja chini ya ziwa, akainua. Picha ikaachana, vipande vikamwagika.

"Wewe! Si tulihangaika nayo!"

"Tutahangaika tena. Kaa."

Mama Pacha akajipangusa macho kwa kiwiko, akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana.

"Kona ni zangu."

"Zote nne?"

"Zote nne. Na leo saluni huendi."