Majani Ndani ya Beseni la Bluu

Kwa maneno ya Baba Pacha, jirani wa upande wa kisimani, simu yake ilitoa hukumu kabla hata yeye hajakaa vizuri. Asubuhi hiyo alichuma majani machache ya nyanya kutoka kila tuta, akayaleta nyumbani, akayapiga picha moja moja, na kila picha simu ikajibu neno lilelile: bakajani. Hata jani changa lililochipua juzi likaambiwa lina bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya kahawia unaomaliza nyanya. Alisimulia hayo akiwa ameegemea ua, huku mama yake Njozi akianika nguo. Kila aliporudia hadithi simu ilizidi ukali, na mara ya tatu ilibaki kidogo tu imtukane.

Mama alimuuliza kwa nini aiamini simu ilhali majani ni ya kijani kibichi. Baba Pacha akasema ni Bibi Shamba mwenyewe, yule afisa wa kilimo, aliyewaambia kwamba programu hiyo mpya ya simu inaona ugonjwa kabla ya jicho la mtu. Sasa yeye na macho yake ya nyama abishane nayo vipi? Jua likipoa atang'oa shamba zima, asije akawaambukizia wenzake. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja msiba, maana nyumba yake haikuwa na tegemeo jingine.

Njozi alikuwa akiosha vyombo. Jina hilo alipachikwa na wenzake shuleni, kwa kuwa angeweza kuukodolea macho ukuta wenye ufa mpaka uji ukapoa mbele yake, akiona ndani ya ufa ule mito na njia za milimani. Safari hii, hata hivyo, alikuwa akisikia kila neno.

"Baba Pacha, hayo majani uliyapigia picha wapi?" aliuliza.

"Kwenye beseni letu la bluu, pacha wa hilo lenu. Si nilikuona likizo ile ukifanya hivyo? Nikasema, tumwige mtaalamu."

Kikombe kilimteleza Njozi mkononi, kikazama taratibu kwenye povu.

Kabla ya likizo ile Bibi Shamba alikuja shuleni kuomba msaada wa picha za kuifundisha programu hiyo. Aliwaeleza wanafunzi kwamba kompyuta haioni jani kama tunavyoliona sisi. Kwake picha ni vidoti vingi sana, na kila kidoti ni namba: ndogo penye giza, kubwa penye mwanga. Ukiionyesha majani mengi, hukokotoa mpaka ipate namba zinazojirudia kwenye majani magonjwa na zisizoonekana kwenye mazima. Tangu siku hiyo Njozi aliona namba kila mahali. Zilidondoka na umande, zilielea na vumbi kwenye mwanga wa dirisha, zilikaa kimya kwenye mbawa za kipepeo.

Bibi Shamba alitoa sharti moja. Kila jani lipigwe picha likiwa kwenye mche wake, liwe juani au kivulini, hata kama lina tope. Lakini shamba lenye ugonjwa lilikuwa ng'ambo ya kijito, na jua lilikuwa kali. Njozi alichuma mfuko mzima wa majani magonjwa, akarudi nao kivulini kwao, akayalaza moja moja kwenye beseni la mama. Yalivyopendeza! Kila jani lilikuwa kisiwa kwenye bahari tulivu, na kila doa lilikuwa duara ndani ya duara. Majani mazima aliyapiga bustanini shuleni, juu ya udongo. Wenzake walichoka mapema, kwa hiyo karibu picha zote za ugonjwa zilikuwa zake. Bibi Shamba alimsifu mbele ya shule nzima.

Sasa Njozi alikaa kando ya beseni lililoinamishwa likauke. Hakuna aliyejua. Akinyamaza, ataendelea kuwa yule mtoto wa picha nzuri, na nyanya zitang'olewa kimya kimya kama mambo mengine yanayopita. Alijaribu kuota juu ya kitu kingine. Kila alipofumba macho aliona bluu.

Akalibeba beseni kichwani, akaenda.

Baba Pacha alikuwa amesimama kwenye tuta la kwanza, jembe begani, bado hajalishusha. Njozi alimwamkia, akamwomba simu na kandambili moja. Mzee wa watu akavua, akidhani mtoto ameota tena. Njozi aliiweka kandambili ndani ya beseni, akapiga picha. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: bakajani.

Baba Pacha alitazama kandambili, akatazama na mguu wake. "Yaani ugonjwa umeshafika kwenye viatu?"

Njozi hakucheka. "Kosa ni langu, baba. Majani magonjwa yote niliyapigia humu. Kompyuta haikujifunza madoa. Imejifunza bluu."

Walimpigia simu Bibi Shamba, naye akaja na pikipiki. Alipita tuta kwa tuta, akigeuza majani chini juu kwa macho yake mwenyewe, na mwishowe akasema miche ni mizima. Baba Pacha aliketi palepale udongoni, jembe mapajani, akapumua kama aliyetua mzigo.

Bibi Shamba hakumkaripia Njozi. Alisema picha zile zitafutwa zote.

"Kompyuta ni mwanafunzi asiyeuliza swali," alisema. "Ukiifundisha kwa njia ya mkato, nayo itashika mkato wako, na itawajibu watu kwa uhakika wote kama vile inajua. Na mimi nimekosa, nilipendezwa na picha nikasahau kuuliza zilipigwa wapi. Kazi ya uvivu inaweza kupendeza, mwanangu. Kazi ya kweli hufuata sharti hata pasipo na wa kukuona. Na ukikosea, sema kabla jembe halijashuka, kama ulivyofanya leo."

Njozi alichora duara udongoni kwa kidole cha mguu, akalifuta.

"Naomba unipe tena kazi hiyo," alisema. "Nitavuka kijito. Nitayapiga palepale yalipoota."

Bibi Shamba alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki, hakuivaa wala hakuiweka chini. Alimtazama Njozi, kisha akatazama ng'ambo ya kijito, ambako mwanga wa jioni ulikuwa ukitua jani baada ya jani.