Kipande cha Mwatine

Teksi ilikuwa imeshageuza kichwa kuelekea Jogoo Road, Musau mguu mmoja ndani mmoja nje, Muthoki alipotoka mbio nyuma ya nyumba na kitu kwenye leso. Alivaa gauni la maua ya manjano, la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne.

"Ficha," alisema. "Mwaitu akijua nimekata, atanikata mimi."

Kilikuwa kipande cha mwatine, tunda la porini ambalo Wakamba hulitumbukiza kwenye kaluvu ili pombe ichachuke. Mbegu ya Mbinya, mwaitu, yaani mamake Muthoki, ilikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba zote za mtaa wa Mbotela. Tunda jipya lililazwa na la zamani mpaka likajua kazi, kisha likakaushwa na kufungwa kitambaani. Halikuoshwa kwa sabuni wala kukopeshwa. Na kwao binti hakuondoka kuolewa kabla wazee hawajanywa kaluvu ya mwatine wa nyumba hiyo.

Musau alifanya kazi maabara. Walijuana soko la Burma, foleni ya nyama, alipomkanyaga Muthoki kiatu akaomba msamaha mpaka wachinjaji wakamcheka. Sasa mradi wa Wakenya na Waholanzi ulimpeleka ng'ambo miaka miwili, kutafuta hamira ya kugeuza masalio ya miwa kuwa mafuta ya magari. Kila mtu alete vijidudu vya kwao. Wenzake walibeba udongo na maji ya ziwa. Yeye alimwomba Muthoki.

"Nikirudi naleta mbuzi wa ntheo," alisema. "Watatu, tukafungue uchumba."

"Jilete wewe. Mbuzi wapo wengi hata Mbotela."

Hiyo ilikuwa 1994. Musau akawa anapiga simu duka la jirani yao Fowsiya, Jumamosi saa tisa, na Fowsiya anapima sukari ileile mara tatu ili asikie. Musau alilalamikia baridi, akamwita mpenzi, akamwambia kipande chake kimewashangaza wazungu: kinakula sukari kama watoto wa Mbotela.

Mwaka uliofuata, Machi, askari walivamia wapika pombe. Walimwaga mapipa, wakarundika mitungi na vitambaa vya mwatine mbele ya mlango wakavitia moto. Mbinya alifungwa mwezi mmoja. Alirudi amekonda, akakaa kwenye stuli kutazama lile doa jeusi. Hapo Muthoki akaungama kuhusu kipande.

"Mwambie arudishe," mama alisema.

Jumamosi Muthoki alimwambia Musau. Musau akaeleza kwamba kila kilicholetwa kilitiwa sahihi kuwa mali ya mradi. Hakuna cha kutoka.

"Uliandika jina la mwaitu?"

"Kulikuwa na nafasi ya jina la nchi, Muthoki. Ya mtu haikuwepo."

"Kwa hivyo uliandika nini?"

"Tunda la porini. Kenya."

Muthoki aliweka simu chini taratibu, kama kitu cha moto. Tangu hapo, Jumamosi saa tisa, Fowsiya alijibu kwamba Muthoki amesafiri, huku Muthoki ameketi pale juu ya gunia la mchele.

Musau alirudi kabla ya muda wake, koti jembamba, ndevu hazijanyolewa. Alivua kiatu mlangoni, akatoa kichupa cha hamira kwenye soksi. Alikuwa amekiiba, na barua ya kumfukuza ilikuwa mfukoni.

"Soksi inanuka," Muthoki alisema.

"Nimetembea nayo hadi hapa."

Akamvuta ndani kwa kola, akamlilia kifuani.

Walipika. Pombe ilichachuka kwa haraka ambayo Mbinya hakuwahi kuiona. Akaonja, akatema.

"Hii ni kali tu. Wenzake wako wapi?"

Musau alitazama vidole vya miguu yake. Kwenye kipande kile, alisema, walikuta aina kumi na saba za hamira. Walichagua yenye nguvu.

"Na hizo kumi na sita?"

"Tulizichemsha, mama. Ndiyo kazi ilivyo. Inatakiwa iwe safi."

"Uliambiwa ni chafu?"

Mbinya alimwaga chungu kwenye mtaro, akasema hataozesha mtoto kwa pombe ya gari. Muthoki alisubiri mwaka mzima mama abadili nia. Hakubadili.

Muthoki alihamia mtaa wa Umoja na Musau bila mbuzi, bila kaluvu. Mbinya hakula chakula cha nyumba hiyo hata siku moja. Aliuza sukuma wiki hadi alipofariki mwaka wa 1999. Musau, kwa kuwa hakuwa mkwe, hakuruhusiwa kushika koleo kaburini. Alisimama barabarani na kofia mkononi. Alipata kazi ya kupima maziwa kiwandani. Fowsiya aliuza duka akahamia Eastleigh. Hamira ile ilipewa nambari, inauzwa kwa debe, na inasemekana ni nzuri sana. Muthoki ana watoto wawili. Hapiki pombe.