Mgeni wa Saa Saba Mchana

Mara ya kwanza mashine ilipozunguka yenyewe, paka alikuwa amelala juu ya friji.

Goreth alikuwa sebuleni anachambua mchele, mtoto Sabrina kafungwa mgongoni kwa kanga, na jua la saa saba limekaa juu ya bati hadi bati linalia. Akasikia mlio aliokwisha kuuzoea: mngurumo mdogo, mchanga ukichekechwa, kisha kitu kilichoganda kikidondoka kwenye droo ya chini. Akainua macho. Kashata, paka wa nyumba, alikuwa palepale juu ya friji, ila sasa amesimama, manyoya ya mgongo yameinuka, anatazama korido.

Goreth akachukua simu ya nyumbani. Kioo kiliandika: Mgeni. Kilo 0.3.

Mashine yenyewe ilikuwa choo cha paka. Baba Sabrina, ambaye jina lake ni Abdillah, mwenye duka la nafaka pale mbele ya nyumba, alikiagiza kutoka Dar baada ya mkewe kulalamika kuhusu harufu tangu mtoto azaliwe. Kilikuwa cha mviringo, cheupe, kama mashine ndogo ya kuchanganyia zege. Paka anaingia, anamaliza, anatoka. Baada ya dakika chache tumbo la mashine linazunguka, linachekecha mchanga, na uchafu unaangukia kwenye mfuko. Kilimpima paka kila akiingia na kupeleka taarifa kwenye simu. Uzito wa Kashata kilikuwa nao: kilo 4.1. Mwingine yeyote kiliandika ni mgeni.

Majirani walikuja kukitazama kama wanaokuja kumwona bibi harusi. Fausta wa nyumba ya pili alikaa kwenye kigoda akasubiri mpaka Kashata aingie.

"Mji mzima wa Mpanda tunachimba vyoo kwa sururu," alisema, "paka wenu anazungushiwa kwa umeme. Akitoka mnampa na kitabu cha wageni asaini?"

Walicheka. Kwa hiyo hata siku ile ya kilo 0.3, Mama Sabrina alipoonyeshwa simu alitabasamu tu. "Atakuwa panya, Goreth. Naye ameona kizuri."

Goreth alijua si panya. Panya haingii mahali penye harufu ya paka, na Kashata hawezi kumwogopa panya.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipougua, na alikuja mjini kufanya kazi za ndani kwa sharti moja alilokubaliana na Mama Sabrina: siku mtoto atakapotembea, Goreth ataandikishwa masomo ya jioni. Ndiyo maana miguu ya Sabrina aliikanda kwa mafuta kila asubuhi kama miguu yake mwenyewe. Mtoto alikuwa na miezi saba na kilo 7.2, mapaja yana mikunjo.

Kilichomnyima usingizi Goreth ni mchanga.

Mashine ilitaka mchanga wake maalumu, unaoganda ukilowa. Ule wa Dar uliisha, na mchanga wa mtoni iliukataa. Iliwasha taa nyekundu na kugoma. Wakati huo Goreth alikuwa kwao kijijini Litapunga kusaidia kuvuna karanga, na Mama Sabrina akampigia simu: "Si ulisema huko kwenu kuna mchanga laini kama unga? Nibebee kiroba kimoja."

Ulikuwepo, lakini mahali pamoja tu, kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu Ernestine. Mama huyo aliishi peke yake miaka mingi, na watu walimsikia akiongea na kitu wakati wa jua kali, akikibembeleza kikubali kula. Kadiri alivyokilisha ndivyo alivyokonda. Alipofariki, wanaume wanne walibeba jeneza lake, na wote wanne walisema walibeba mbao tupu. Nyumba iliachwa ianguke. Tangu hapo hakuna aliyechukua hata fito pale bila kuacha konzi ya unga kizingitini na kusema kwa sauti amechukua nini na kwa nini.

Goreth alijua hayo tangu utotoni. Lakini dereva wa bodaboda alikuwa anapiga honi barabarani, na unga ulikuwa kwa bibi, mwendo wa robo saa. Alichota kwa mikono miwili, haraka, akafunga kiroba. Jioni bibi yake, Rozalia, alimpigia simu.

"Umeonekana pale kwa Ernestine. Uliacha unga?"

"Niliacha, bibi."

Kiroba kilipimwa dukani: kilo ishirini kamili. Mashine iliupokea mchanga ule bila kugoma.

Baada ya siku ile ya kwanza, mgeni alikuja kila mchana. Kilo 0.5. Kilo 0.7. Kilo 0.9. Kila akija, korido ilijaa harufu ya nyasi za paa zilizonyeshewa kisha zikaungua, na nyumba ile ilikuwa ya bati. Kashata akaacha kuingia kwenye choo chake. Akawa anajisaidia nje, kwenye majivu ya jirani, na akirudi hapiti korido.

Sabrina naye akaanza kupungua. Alinyonya vizuri, uji alimaliza, lakini mikunjo ya mapaja ilifutika mmoja mmoja. Kliniki walimpima, wakampa dawa za minyoo, wakasema aongezewe uji wa lishe. Vipimo vingine vyote vilikuwa safi. Mama Sabrina akawa anamweka kwenye beseni juu ya mizani ya duka kila jioni, na Goreth ndiye anayesoma namba.

Alizisoma siku kadhaa kabla ya kuziona. Kisha alitoa daftari lake la mwisho la shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto aliandika uzito wa mtoto, kulia uzito wa mgeni, siku kwa siku. 6.9 na 0.3. 6.3 na 0.9. 5.8 na 1.4. Akajumlisha. Darasani alikuwa akisifiwa kwa hesabu. Safari hii aliomba awe amekosea. Alirudia mara tatu. Kila mstari ulileta 7.2.

Siku iliyofuata umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi, na Goreth, ambaye hakuuamini hata huo umeme uliokatika, akaenda kuchomoa waya ukutani na kuuzungushia mkononi, akakaa nao sebuleni mtoto akiwa kifuani, anahesabu dakika kwenye saa ya ukutani; na saa saba ilipogonga na feni imetulia na friji imenyamaza na barabarani hakuna hata pikipiki, alisikia kitu kikishuka taratibu kutoka darini, si kama mtu na si kama paka, kikiburuta tumbo koridoni na kupumua kama anayepuliza moto uliokataa kuwaka, kikaingia ndani ya mashine na kugeuka mara mbili tatu kutafuta pa kukaa, kisha mashine isiyo na umeme ikaanza kuzunguka, polepole, polepole, na kila ilipozunguka Sabrina alijikunja kifuani pake kama nguo inayokamuliwa, bila kulia, macho yake yameelekea kule.

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Goreth. Ulikuwa wa moto.

Mama Sabrina alimkuta sakafuni. Goreth alimweleza aliyoyasikia na kumwonyesha daftari, mchanga hakuutaja. Jioni ileile Baba Sabrina alimleta Ustadhi Tamimu wa msikiti wa jirani. Alisoma chumba hadi chumba, akanyunyizia maji, akakaa muda mrefu mbele ya mashine. Kisha akaomba chai.

"Kitu hiki hakikupita mlangoni kwa miguu yake," alisema kwa sauti ya chini. "Kimebebwa. Aliyekibeba anajua alikokitoa. Mimi nitakizuia siku chache, lakini kurudi kwao hakirudi bila mwenyewe aliyekibeba."

Mume na mke wakatazamana. Goreth alikuwa amesimama na sinia. Maneno yalimfika kwenye meno. Akafikiria kiroba cha nguo zake, basi la asubuhi, na masomo ya jioni ambayo hayatakuwepo. Akasambaza vikombe.

Siku nne mashine ilinyamaza. Siku ya tano iliandika 1.7.

Iliposoma kilo 2.0, Sabrina hakuweza kuinua shingo. Mama yake alikuwa anapanga nguo za safari ya hospitali ya mkoa mwingine, anakunja kanga moja na kuikunjua.

"Mama," Goreth alisema mlangoni. "Mchanga nimeuleta mimi."

"Najua umeuleta wewe. Nilikutuma."

"Niliuchota pasipochotwa. Na sikuacha kitu." Akamweleza yote, hadi jeneza.

Mama Sabrina alikaa kitandani. Hakumpiga, na hilo Goreth alilikumbuka baadaye kuliko kipigo. "Ustadhi aliuliza ukiwa umesimama palepale."

"Niliogopa mtanirudisha nyumbani."

"Mwanangu anakwisha, Goreth. Wewe unaogopa nyumbani."

Waliukusanya mchanga wote saa ileile. Walimimina uliokuwa ndani ya mashine, wakafagia korido, wakapangusa hata nyayo za Kashata kwa kitambaa na kukikung'utia kwenye kiroba. Baba Sabrina alikipandisha kwenye mizani. Kilo kumi na sita na nusu.

"Mwingine uko wapi?" aliuliza.

"Ulitoka na uchafu, baba. Ulikwenda na gari la taka."

Walifika Litapunga jua likiwa la utosi. Bibi Rozalia alimtazama mtoto mara moja tu, akachukua bakuli la unga, akatangulia mbele bila salamu. Kwenye uwanja wa Ernestine hakukuwa na ndege. Kuta mbili zilikuwa zimesimama, na harufu ile ya nyasi zilizolowa na kuungua iliwapokea kabla hawajafika.

"Mwageni," bibi alinong'ona. "Wewe Goreth, piga magoti. Sema."

Goreth akaweka unga kizingitini. "Nilichukua mchanga. Nilichukua kwa ajili ya choo cha paka. Sikuaga. Nimeurudisha."

Mchanga uliomwagwa ukaanza kuzama katikati, kama kuna mdomo chini yake.

"Wote?" bibi aliuliza.

"Umepungua kilo tatu na nusu, bibi."

Rozalia alifumba macho. "Basi kitatafuta pa kujazia, mjukuu wangu. Hakiachi shimo."

Mama Sabrina alimbana mtoto kifuani. Mtoto hakuwa na nguvu ya kulalamika. Goreth alimtazama, miguu ile miwili inaning'inia kama nyuzi, ile miguu aliyoikanda kila asubuhi. Akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya mchanga wa moto.

"Huyo hakuchukua kitu," alisema. "Aliyechota ni mimi. Kijazie kwangu."

Mchanga ukatulia. Nyuma yake Sabrina akalia, kilio kikali, cha mtoto mwenye njaa.

Hawakumfukuza, ila mwenyewe aliomba kubaki kwa bibi. Wiki mbili baadaye Mama Sabrina alimpigia kumwambia mtoto amerudi kilo saba. Walikuwa wamepata choo cha kawaida, beseni la majivu, na mashine iko stoo, waya umekatwa kwa kisu. Goreth alifurahi kweli. Jioni alikwenda kwenye mashine ya kusaga, akapanda mizani ya magunia. Siku ya kwanza alipopanda alikuwa na kilo arobaini na tisa. Sasa arobaini na nane.

Alikula. Bibi alimpikia ugali mara mbili kwa siku na kumtazama anavyomaliza. Kilo ziliendelea kuondoka. Goreth alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaziandika, na hakuogopa sana, kwa sababu hesabu ilikuwa na mwisho: zikifika tatu na nusu, shimo limejaa. Zilifika mwezi wa nne tangu arudi kijijini. Arobaini na tano na nusu. Usiku ule alilala vizuri.

Kesho yake mchana simu iliita.

"Goreth, kaa chini," Mama Sabrina alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Sabrina ametembea. Hatua tatu, kutoka kwangu hadi kwa baba yake. Na mimi sijasahau tulivyokubaliana. Nafasi yako ya masomo nimeshaiulizia. Njoo, mwanangu. Yaliyopita tumeyaacha."

Machozi yalikuwa yanamtoka Goreth.

"Halafu nikuchekeshe," Mama Sabrina aliendelea, akashusha sauti kidogo. "Ile programu iko bado kwenye simu. Mashine iko stoo, waya haina, na sasa hivi imeleta taarifa. Imeandika mgeni."

Kivuli cha mlango kilikuwa kifupi. Jua la saa saba.

"Kilo ngapi, mama?"

"Tatu nukta sita. Ina maana gani?"

Goreth alitazama mkono wake ulioshika simu. Bangili ya bibi, iliyokuwa ikimbana, ilikuwa imeteleza hadi kiwikoni.

"Imeharibika hiyo, mama," alisema. "Ifuteni kwenye simu. Na mashine muichome moto. Masomo mpeni mwingine. Mimi huko siji tena. Mkiniona mlangoni, msinifungulie."

Akakata kabla hajaulizwa. Kisha akachukua daftari, akaandika 3.6 chini ya ile tatu na nusu aliyodhani ndiyo mwisho, na kuhesabu kwa kidole mistari iliyobaki kwenye ukurasa.