Bahari Nyumbani kwa Raheli

Asubuhi za kijiji chetu, chini ya milima upande wa Same, zilikuwa na utulivu wake. Maji yaliyokusanywa usiku kucha ndani ya ndiva, lile bwawa letu la udongo na mawe kule juu, yalifunguliwa kukipambazuka, yakashuka mferejini na kugawiwa shamba kwa shamba. Raheli, mke wa Filipo, aliipenda saa hiyo kuliko nyingine yoyote. Alisimama kando ya mahindi yake, miguu ndani ya tope baridi, akisikiliza udongo ukinywa. Ndipo sauti ya mumewe ilipomfikia kutoka nyumbani.

"Mama Ernesta, njoo ushike mvukuto. Mimi nachelewa kazini."

Raheli akaweka jembe begani, akapanda kwenda nyumbani. Samaki walitaka hewa.

Usidhani nakutania, ndugu msomaji. Nyumba ile ilikuwa na bahari ndani yake.

Filipo alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Same. Kabla ya hapo alifanya kazi Tanga, na huko meneja mmoja wa mkonge, aliyefungasha virago mashamba yalipotaifishwa, alimwachia tangi kubwa la kioo. Wenzake waliachiwa baiskeli na makabati. Filipo akalipandisha tangi lake kwenye treni, akalikumbatia njia nzima kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Akaweka ndani yake mchanga wa pwani, mawe yenye matumbawe hai, na samaki wa rangi ambazo huku kwetu tulizoea kuziona kwenye kanga tu. Gadi mmoja wa treni, Mbaraka, rafiki yake wa Tanga, akawa anamletea pipa la maji ya bahari kila alipopita zamu.

Meneja alikuwa na pampu ya umeme. Kijijini kwetu umeme tuliuona kwenye radi tu. Filipo hakushindwa. Alikwenda kwa mhunzi wa ukoo wa Washana, akanunua mvukuto wa ngozi kama ule wa kupulizia moto wa chuma, akaunganisha bomba la mpira mpaka chini ya tangi. Ukiusukuma, mapovu yanapanda, maji yanazunguka, matumbawe yanakunjua vidole vyake. Ukiuacha mchana wa joto la Same, samaki wanakuja juu kutweta. Alfajiri aliusukuma Filipo mwenyewe, tena kwa mapenzi makubwa. Mchana aliusukuma Raheli. Jioni, binti yao Ernesta, akitoka shule, kitabu magotini.

Tena tangi lilikuwa na kiu. Kila siku lilimeza maji matamu ya kisima, yale ambayo Raheli aliyabeba kichwani. Siku moja aliuliza samaki wa bahari wana haja gani na maji ya kisimani. Filipo alimweleza kwa upole kwamba jua hunywa maji na kuacha chumvi, na chumvi ikizidi matumbawe hufa. Kwa hiyo kilichonywewa na jua lazima kirudishwe. Raheli alielewa vizuri sana. Kuelewa huko ndiko kulikomkera, kwa sababu mtu ukishaelewa huna tena cha kubishia.

Na laiti Filipo angekuwa mlevi au mgomvi, watu wangemsema. Lakini alikuwa mpole, mcheshi, mkarimu. Wageni walijaa sebuleni wakipewa chai. Alipenda kuwaonyesha samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, akaaye ndani ya mnyama laini mfano wa ua, mwenye sumu. "Mnaona, ndugu zangu?" alisema. "Huyu anamlinda yule, na yule anamlinda huyu. Huu ndio ujamaa wenyewe. Sisi tunausoma kwenye mikutano, wao wanauishi." Wageni walipiga makofi. Nyuma ya pazia, mvukuto ulikuwa ukienda juu na chini, juu na chini, na mkono uliousukuma ulikuwa wa Raheli.

Sasa tufike kwenye msaragambo. Asiye wa kwetu ajue kwamba hiyo ni kazi ya pamoja: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu mzima na jembe, tunakwenda kuzoa tope la ndiva na kuziba nyufa zake. Nyumba ikikosa mara mbili, zamu yake ya maji inarukwa. Ikikosa tena, inafutwa msimu mzima. Sheria hiyo ilikuwapo kabla ya vijiji vya ujamaa, wala haikutungwa kwa chuki.

Siku ya msaragambo Filipo alikuwa na mapumziko ya kazi. Lakini treni ya Mbaraka ilipita siku hiyohiyo. Kwa hiyo Filipo alimchukua punda akaenda kupokea pipa, na Raheli, aliyekuwa akihudhuria msaragambo miaka yote, akabaki na mvukuto. Mara ya kwanza Filipo aliahidi kuzungumza na Hezroni, mgawa maji. Kweli alikwenda, akarudi na furaha. Walizungumza jioni nzima juu ya jinsi matumbawe yanavyokula. Mara ya pili alimsihi mkewe kwa macho ya mtoto. Pembe ililia mlimani, Raheli akaisikia, akaendelea kusukuma.

Zamu yao ilipofika, Hezroni alikuwa ameshaziba mlango wa maji wa shamba lao kwa udongo na majani ya mgomba. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati ambao yakikosa maji hayasamehe.

"Shikamoo, baba," alisema Raheli.

"Marahaba, Mama Ernesta. Usinitazame hivyo. Maji ya kijiji hatuyapeleki Tanga."

Wanawake waliokuwa kando wakacheka. Raheli alieleza kwamba yeye si mvivu, kila mtu anamjua. Hezroni akakubali kwamba kila mtu anamjua. Ila ndiva, alisema, haimjui mtu, inajua jembe.

Shamba likaanza kujikunja majani. Raheli alipomweleza, Filipo alisikitika kwa dhati, akasema mvua itakuja. Kisha akauliza kama tangi limeongezwa maji.

Jioni ya kuamkia msaragambo uliofuata, Raheli alizungumza mara moja tu. "Baba Ernesta, kesho mimi nakwenda kwenye ndiva. Ama ubaki na samaki wako, ama uwaombee."

Filipo alitabasamu. Alikuwa ameshazoea kwamba mkewe husema, kisha hukaa. Kulipokucha akamtoa punda.

Pembe ilipolia, Raheli aliuachia mvukuto, akafuta mikono, akabeba jembe. Hakugeuka nyuma.

Treni ilichelewa siku ile. Filipo alipofika nyumbani mchana, jua lilikuwa la utosi. Maji ya tangi yalikuwa ya moto na yametulia kimya. Samaki wawili walielea ubavu. Matumbawe yalikuwa yamejikunja, yakitoa ute. Alikimbia mlima mzima, viatu vya kazi miguuni, mpaka ukingo wa ndiva, ambako nusu ya kijiji ilikuwa ndani ya tope mpaka magotini.

"Mama Ernesta, wanakufa," alisema akihema. "Njoo. Ndugu zangu, yeyote, nisaidieni mkono mmoja tu."

Majembe yakasimama. Raheli alikuwa katikati, sketi imekunjwa, tope mpaka kiunoni. Hakupanda.

"Hapa pana jembe lingine," alimwambia.

Filipo alilitazama jembe. Akaitazama njia ya nyumbani. Akakimbia kurudi.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Jioni Hezroni aliufungua mlango wa maji wa shamba la Raheli. Mahindi ya juu yalikuwa yamekwisha. Ya bondeni yakanyanyua shingo. Raheli na Ernesta waliyamwagilia mpaka giza. Waliporudi nyumbani, Filipo alikuwa bado anasukuma mvukuto. Ndani ya tangi hakikuwapo kitu cha kuvuta hewa hiyo.

"Ungenisaidia siku moja tu," alisema.

"Nimekusaidia mwaka mzima," alijibu Raheli, akaenda kumpikia mtoto.

Mwaka ule walivuna nusu shamba, na kabla ya mvua kurudi walikula kwa kuomba kwa majirani. Filipo ndiye aliyekwenda kuomba. Raheli alikataa kuibeba aibu hiyo juu ya mizigo mingine. Pembe ilipolia tena, Filipo alikuja kwenye ndiva mwenyewe, akasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyemsifu. Hezroni alimwonyesha palipokuwa na tope zito kuliko kwingine, naye akashuka.

MAFUNZO

Kupenda kitu kizuri si dhambi, na matumbawe yale yalikuwa mazuri kweli. Lakini ukiona kitu chako kinaishi kwa mikono ya mtu mwingine, kwa maji yake na usingizi wake, basi hicho si chako peke yako, na huna haki ya kukisifia bila kumtaja. Anayehubiri ujamaa sebuleni na kuukwepa topeni anawaibia wenzake kwa ulimi mtamu.

Na sisi tuliokunywa chai mbele ya tangi lile tusijitoe. Sote tuliusikia mvukuto nyuma ya pazia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kuuliza ni nani anayeusukuma.