Fungu la Waganga

Ukumbi wa chini ya ardhi wa Samseong ulikuwa umefurika wachezaji wa Milima Tisa, mchezo wa kompyuta. Kampuni inayoutengeneza mchezo huo ilikuwa imewaalika mashabiki wake, nao wakaja wazee kwa vijana, wengine wamevaa majoho na kofia za wahusika wao, wengine wametoka kazini na mikoba yao begani. Pyo Dan-bi alikuja na sare ya udereva. Alikuwa ameshuka kwenye basi lake la Suwon saa nne asubuhi na kudandia treni bila kubadili nguo: shati la buluu, tai iliyolegea, suruali nyeusi iliyonyooshwa pasi, nywele fupi kazisukuma nyuma ya masikio. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuwa na hasira tangu anatoka Suwon.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na ubao mkubwa wa kuandikia maoni, na foleni yake haikusogea. Nyuma ya Dan-bi alisimama kijana mrefu mwembamba mwenye sweta la kijivu, kashika vikombe viwili vya kahawa kwa sababu aliyemnunulia kimoja alikuwa amepotea katika umati. Alimpa Dan-bi hicho kimoja, kisha akamuuliza anakwenda kuandika nini.

"Nakwenda kumtukana mtu," Dan-bi alisema.

"Nani?"

"Simjui jina. Yule aliyepanga jedwali la pointi."

Akamweleza, kama mtu aliyesubiri kwa miaka kuulizwa. Katika Milima Tisa kila mtu huanza ngazi ya kwanza. Ukiua nguruwe mwitu unapewa pointi za uzoefu. Zikitimia, unapanda ngazi, unaongezewa nguvu, unafunguliwa bonde jingine. Kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili ni nguruwe kumi. Kutoka ya tisini na tano hadi ya tisini na sita ni miezi. Hilo hakuwa na ugomvi nalo, ndivyo michezo ilivyo. Ila pointi huenda kwa anayepiga, na mganga hapigi. Mganga husimama nyuma ya wenzake, anafunga majeraha, anafufua waliokufa, na wote wakirudi salama yeye huhesabiwa moja ya tano ya pointi walizopata wenzake.

"Moja ya tano," alisema Dan-bi. "Mimi nimefika tisini na sita kwa miaka minne. Aliyeanza siku moja nami akiwa mpiga upanga alishafika mia zamani, amechoka, ameacha. Huyo mtu nikimpata nitamuuliza swali moja tu: wewe hujawahi kuuguzwa?"

Kijana alicheka kidogo. Jina lake lilikuwa Ok Tae-yul, na jedwali lilikuwa lake. Miaka sita nyuma, asubuhi moja akiwa na njaa, aliandika moja ya tano katika kisanduku cha waganga akikusudia kulifikiria vizuri baada ya chakula cha mchana. Hakulirudia. Siku hii ya ukumbini alikuwa ameficha kitambulisho cha kazi mfukoni ili azunguke kati ya wachezaji bila kujulikana.

Angeweza kusema pale pale. Lakini Dan-bi alikuwa amepuliza kahawa yake, amemtazama usoni kwa mara ya kwanza, na kumwambia kwamba ana masikio ya mtu anayesikiliza. Tae-yul akaacha kitambulisho kikae kilipo. Akasema anafanya kazi ya hesabu ofisini, huko Pangyo. Haukuwa uongo, na haukuwa ukweli.

Miezi iliyofuata walipendana waziwazi. Tae-yul alikuwa akimpigia simu kila Dan-bi anapofika mwisho wa njia na kupata dakika zake kumi na mbili za mapumziko.

"Dereva wangu, umekula?"

"Nimekula mkate nikiwa nimesimama."

"Huo si ulaji."

"Basi njoo unilishe, mtu wa hesabu. Maneno hayashibishi."

Naye alikwenda, na wali uliokunjwa kwenye mwani, na jozi ya glavu, kwa kuwa usukani wa asubuhi ni barafu. Alimpenda alivyokaripia magari, na alivyomsubiri bibi mwenye fimbo apande. Dan-bi alimpenda kwa kuwa hakuwa mtu wa kelele. Mama yake, huko Jeonju, alishaanza kuuliza kwenye simu huyo kijana atakuja lini kuonekana.

Mhusika wa Dan-bi mchezoni aliitwa Kijiko. Kundi lake liliongozwa na Bibi Yeo, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na tatu, mpiga upanga asiye na huruma. Tae-yul alikuwa akikaa pembeni ya Dan-bi Jumapili mchana kumwangalia akicheza, anawatibu watu saba kwa vidole viwili, na ule mstari wa pointi chini ya skrini haujongei. Siku moja alimwona anafumba macho na kuegemeza kichwa kitini. Jumatatu, ofisini, akamtafuta Kijiko kati ya mamilioni ya wahusika, akabadili fungu lake peke yake. Badala ya moja ya tano, nzima.

Kijiko akapanda ngazi nne kwa miezi mitatu, akawa mganga wa kwanza nchini kufika mia. Dan-bi alipiga yowe, akamrukia Tae-yul shingoni, wakaanguka na kiti. Kundi zima lilimpigia saluti.

Furaha hiyo ilidumu siku nane tu. Wachezaji wa Milima Tisa ni watu wanaohesabu, na walikaa wakahesabu. Ilitakiwa miezi kumi na sita. Wakaandika, wakaweka ushahidi, kampuni ikachunguza, na Alhamisi jina la Kijiko likabandikwa kwenye orodha ya walaghai, mhusika akafungiwa. Watu aliowafufua mara elfu walimtumia matusi. Bibi Yeo peke yake alimpigia simu kumwambia kwamba amefundisha watoto miaka thelathini na nane, anamjua mwizi, na Dan-bi siye.

Tae-yul alimkuta siku ya tatu katika duka la tambi karibu na stendi ya Suwon, saa saba mchana. Macho ya Dan-bi yalikuwa mekundu. Alikuwa anaeleza jinsi alivyoandika barua nne kwa kampuni bila kujibiwa. Tae-yul akatoa kitambulisho chake cha kazi, akakiweka mezani kati ya mabakuli.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeongeza pointi za Kijiko. Na jedwali ni langu."

Dan-bi alikisoma kitambulisho mara mbili. Akaweka vijiti vya kulia chini, vizuri, kimoja kando ya kingine.

"Siku ile ya foleni ulijua?"

"Nilijua."

"Nikakutukana, ukaninywesha kahawa."

"Nilitaka kukwambia."

"Miezi saba ulitaka kuniambia."

Tae-yul akasema alimwona anahangaika, alitaka apumzike, alifanya kwa mapenzi. Neno hilo ndilo lililowasha moto.

"Nani alikwambia nimechoka? Nilikuwa na hasira, Tae-yul. Hasira na uchovu ni vitu viwili. Kila ngazi niliyopanda naikumbuka. Ya sabini niliipata kwenye benchi la hospitali, mama yuko kwenye upasuaji. Ya tisini niliipata na homa. Ya mia nilikukumbatia, na wewe ukapiga kelele na mimi, huku unajua. Umechukua kitu changu pekee nilichokifanya mwenyewe, ukakitia mkono, ukanirudishia kimeoza."

Watu wa meza ya jirani walikuwa wameacha kula. Hakushusha sauti.

"Na kuna kubwa kuliko hilo. Siku uliyokaa kwenye kompyuta, kidole chako kilikuwa juu ya ile namba. Ungeweza kuibadili kwa waganga wote. Ukaibadili kwa mmoja, yule unayemtaka wewe."

"Mkurugenzi asingekubali."

"Ulimuuliza?"

Dan-bi akachukua kofia yake ya kazi, akatoka. Jioni alikuwa ameshaizuia namba ya Tae-yul kwenye simu yake.

Kesho yake Tae-yul aliuliza. Alimweleza Mkurugenzi Seol kila kitu, akaomba jina la Dan-bi lisafishwe na fungu la waganga lifanywe sawa na la wengine. Seol alimsikiliza huku akisaini karatasi. Alimwambia kuwa kampuni ni afadhali iwe na mchezaji mlaghai kuliko mfanyakazi mlaghai, hivyo arudi kazini na asiseme neno. Kuhusu waganga alitabasamu. Hao ni watu wanaopenda kuhudumia, alisema, hata ukiwapa sifuri watacheza tu.

Tae-yul alikuwa mtu mpole tangu utoto. Alitoka ofisini humo akiubamiza mlango, na ilimchukua muda kuelewa kwamba ni ghadhabu. Aliketi akaandika, kwa jina lake kamili, kwenye ubao wa wachezaji: kwamba yeye ndiye aliyechezea pointi, Dan-bi hakujua, na moja ya tano ilitokana na asubuhi ya njaa na uvivu wa miaka sita. Akaandika na maneno ya mkurugenzi, neno kwa neno. Kabla ya saa sita alikuwa barabarani, amefukuzwa kazi, na vitu vyake kwenye boksi.

Dan-bi alilisoma andiko hilo akiwa amekaa nyuma ya usukani, basi tupu. Halikumpoza. Alipofika kwenye "watacheza tu" alipiga honi kwa ngumi hadi msimamizi wa stendi akachungulia dirishani. Halafu akampigia Bibi Yeo, wakapanga mgomo wa waganga.

Jumamosi saa sita mchana waganga wa Milima Tisa waliketi chini. Walikuja sokoni, kwenye mji wa kwanza wa mchezo ule, maelfu kwa maelfu, majoho meupe yamejaza uwanja hadi kwenye paa za nyumba, wakakaa kimya. Makundi yaliyojitia ujasiri wa kupanda mlima wa tisa bila mganga yalikufa kwenye lango, yakapoteza pointi, yakarudi yakilia. Dan-bi alifungua mhusika mpya wa ngazi ya kwanza, mwenye gunia na ndala, akaketi katikati. Bibi Yeo alisimama karibu yake na upanga wazi.

Kwenye ukingo wa uwanja akaja mganga mwingine wa ngazi ya kwanza. Juu ya kichwa chake paliandikwa Ok Tae-yul. Uwanja ukaguna. Mchezo huo unaruhusu kumtupia mtu samaki aliyeoza, na watu wakamtupia. Yeye akaketi. Dan-bi angeweza kuandika neno moja wakaacha. Hakuandika. Tae-yul alikaa pale kwa saa sita amejaa samaki, na Jumamosi iliyofuata akaja tena, na iliyofuata.

Jumamosi ya nne kampuni ikasalimu amri. Fungu la mganga likawa sawa na la mpiga upanga. Dan-bi alitumiwa barua ya kuombwa radhi, na Kijiko akarudishwa akiwa na ngazi yake ya mia. Alijibu kwa mistari mitatu. Jina langu mmelisafisha, asante. Nirudisheni tisini na sita, nilipofika mwenyewe. Hizo nne nitazifuata.

Wiki moja baadaye, saa tano asubuhi, simu ya Tae-yul iliita.

"Umepata kazi?" Dan-bi aliuliza, bila salamu.

"Nimepata. Kampuni ndogo, tuko sita."

"Nasikia ulitupiwa samaki."

"Wengi. Kuna waliotoka kwako?"

"Wawili." Akajirekebisha. "Watatu."

Tae-yul hakuthubutu kucheka.

"Bado nina hasira na wewe," Dan-bi alisema.

"Najua."

"Usiseme unajua. Hujui. Nitakusema mwaka mzima. Ukininunulia kahawa nitakusema."

"Sema. Nitakaa nisikilize, na safari hii nitajibu."

Upande wa pili injini ya basi ilikuwa inanguruma. "Jumapili naenda Jeonju kwa mama," Dan-bi alisema. "Utakuja. Utakaa mbele yake umweleze ulichonifanyia, tangu siku ya kwanza, bila kuruka. Ukimaliza, ndipo umuombe anioze kwako. Kwa mpangilio huo huo."

"Akinifukuza?"

"Atakufukuza. Kwani hasira hizi nilizitoa wapi?"

Alifukuzwa kweli. Mama alimsikiliza Tae-yul aliyepiga magoti sakafuni, kavaa suti ya kuazima iliyombana mabega, akamwacha amalize hata ombi lake, kisha akanyoosha kidole mlangoni. Tae-yul aliondoka kwa haraka mno. Alisimama uani kati ya mitungi ya kimchi, kabichi iliyochachushwa na pilipili, na baridi ya sakafu ya mawe ikimpanda miguuni, akisikia ndani sauti mbili zinazofanana zikigombana.

Mlango ulipofunguka hakuwa Dan-bi. Alikuwa mama mwenyewe, amekunja uso, na viatu vya Tae-yul mkononi, maana alikuwa ametoka na soksi.

"Vaa uende zako, au ingia," alisema. "Chagua upesi, supu inapoa."

Akaingia. Dan-bi, aliyekuwa ameketi mezani na mashavu mekundu ya ugomvi, alimsogezea bakuli bila kumtazama.