Samurai Aliyeongea Mdomo Umefumba

“Wewe samurai, mbona unaongea na mdomo umefumba?”

Niliuliza hivyo kwenye maiki, kwa sauti ya mzimu, banda zima likaangua kicheko. Watu kama sitini wa mtaa wa Mabatini, mchana wa Alhamisi, walidhani ni katuni inaendelea. Mimi nilikuwa namuuliza mchumba wangu.

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Mimi, Amondi, na huyo mchumba, Ngosha, tulikaa nyuma ya pazia kwenye banda la video la Mzee Amirali, kando ya turubai la kuonyeshea picha. Tunazima Kijapani, tunaingiza Kiswahili papo hapo. Yeye wanaume wote. Mimi wanawake, watoto na mizimu. Katuni ya siku ile ilikuwa ya Japani ya kale, enzi za mapanga na viatu vya mbao. Samurai mmoja mvivu anaandamwa na mzimu wa mwanamke aliyekufa akisubiri kuolewa naye. Kila akipika wali, mzimu unachomoza kwenye chungu na kumtandika kwa mwiko.

Kijapani hatujui hata neno. Tunatazama picha, tunabuni. Sheria ni moja tu, na Ngosha ndiye aliyenifundisha: mdomo wa kwenye picha ukifumba, na wewe nyamaza.

Sasa samurai alikuwa amelala fofofo pembeni ya moto, na Ngosha anasema:

“Mpenzi wa gauni la njano, Jumamosi nakuja kwenu Magu na wazee wangu. Ng'ombe wako tayari.”

Nikachungulia. Mstari wa mbele, Winnie, msusi wa Pasiansi, gauni la njano, kiganja mdomoni, anatabasamu hadi masikioni. Mwezi mzima Ngosha alikuwa anachomeka maneno ya namna hiyo, na mimi nacheka nikidhani ni utani wa kazi.

Jumamosi hiyo hiyo alitakiwa awe kwetu Mara, kuleta mahari. Baba alikuwa ameshatangaza hadi kanisani.

Ndipo nikauliza lile swali la mdomo umefumba, na Ngosha akafunika maiki yangu kwa mkono.

“Amondi, acha. Fuata picha.”

Nikautoa mkono wake.

“Samurai! Jumamosi unakwenda wapi?”

“Mzimu, rudi kwenye chungu chako!”

“Sirudi. Magu au Mara?”

“Mizimu haiulizi safari za watu.”

Banda likapagawa. “Jibu, samurai! Magu au Mara? Magu au Mara?”

Jasho likamtoka. Akanisogelea, akaning'ata sikio kwa maneno, akasahau maiki yake iko wazi.

“Unataka ukweli? Magu. Nilikuahidi ndoa usije ukahama na hiyo sauti yako. Bila wewe banda linakosa watu. Umeridhika?”

Spika zote nne zikayarudia neno kwa neno. Kicheko kikakatika.

Nikampiga na maiki katikati ya paji la uso. Duu! Spika zikanguruma. Kwenye turubai, mzimu naye ukashusha mwiko, na wajinga wachache wakapiga makofi.

Akanizaba kofi, nikasikia jino limelegea na mdomo umejaa damu. Nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka akapiga yowe. Akanikaba shingo. Nikapapasa, nikapata kigoda, nikamshindilia nacho ubavuni. Tukaanguka pamoja na pazia, tukalipasua turubai, tukabingirika mbele za watu huku picha ya samurai ikitembea migongoni mwetu.

Ndipo walipoiona damu.

“Jamani, hii siyo katuni!”

“Waamueni! Atamuua!”

Winnie ndiye aliyefika wa kwanza. Nikajiandaa kupigana na wawili.

“Dada,” aliniuliza, “wewe siyo dada yake?”

“Nani kakwambia?”

“Yeye. Eti mama mmoja, baba tofauti.”

“Mimi ni mchumba wake. Jumamosi ilikuwa zamu yangu.”

Winnie akamgeukia Ngosha, ambaye alikuwa amepiga magoti anajifuta uso. Akavua kiatu. Kisigino kilimpata Ngosha shavuni mara tatu kabla wanaume hawajamwondoa. Akatoka na kiatu kimoja mguuni, analia, hakugeuka.

Ngosha alishonwa nyuzi tano. Mimi jino liling'olewa. Jioni ujumbe wa Ngosha ukaingia kwenye simu yangu:

“Amondi, niombe msamaha mbele ya Mzee Amirali, nitakuja Jumamosi kama tulivyopanga. Magu wamenikataa.”

Sijamaliza kuusoma, baba akapiga.

“Mwanangu, Ngosha amenieleza. Umempasua mwanaume kichwa?”

“Ndiyo, baba.”

“Mwombe radhi, aje. Wageni nimeshawaalika. Uso wangu nitauweka wapi?”

Sikulala vizuri. Nampenda baba kuliko mtu yeyote, na yeye anajua.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Mzee Amirali. Ngosha alikuwa ameshakaa, bandeji kichwani, simu mkononi, baba yangu yuko hewani anasikiliza.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Amondi. Turubai langu mmelifanya matambara.”

“Nitalishona kwa mkono wangu, Mzee. Hilo nimekosa.”

“Vizuri. Sasa mwombe mwenzako msamaha, muoane, mrudi kazini. Watu tangu alfajiri wananiuliza ule mzimu ulishinda au ulishindwa.”

Ngosha akakunja miguu kama bwana harusi.

“Mimi sina kinyongo,” alisema. “Neno moja tu, Amondi. Samahani. Halafu kesho mimi na wazee tunapanda basi.”

“Liseme, mwanangu,” baba alisihi kwenye simu. “Ni neno tu.”

Nikaisogelea simu.

“Baba, shikamoo. Waambie wageni wale chakula, wanywe, warudi makwao. Waambie mimi ndiye niliyekataa, na jina langu ulitaje wazi. Aibu hiyo nibebeshe mimi.”

“Amondi!”

“Alinitaka kwa ajili ya sauti, baba. Basi aisikie vizuri.”

Nikamgeukia Ngosha, pengo la jino linaniuma kila nikivuta hewa.

“Nilikupiga nikiwa na akili zangu. Ukinipa maiki sasa hivi, nitakupiga tena palepale kwenye nyuzi. Msamaha siombi. Si leo, si Jumamosi, si kwako.”