Nukta ya Ng'ambo ya Kivukoni

Lukelo wa Lipangalala alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo asije mtu akaniambia haya ni maneno ya kilabuni.

Mwaka wa tisini na tano alipata kibarua kwa Gosbert, mtafiti kutoka Dar. Kazi ya kivulini kabisa. Gosbert alikuwa na picha zilizopigwa usiku na satelaiti, nchi nyeusi tii, miji inawaka. Alitaka kujua taa za mijini zinamwaga mwanga kiasi gani bure angani. Lukelo alipewa wino mweusi afunike kila nukta isiyo ya mji.

Mkewe Odilia alikuwa ng'ambo ya mto, pale Kivukoni, dunguni, akilinda mpunga wao usiliwe na nguruwe. Siku anaondoka nyumbani kwenda huko alisikia habari za kazi hiyo, akautua mzigo.

"Baba, moto wa dungu hauzimwi na asiyelala dunguni. Hata mvua ikija, tunauomba radhi kwanza."

"Karatasi ile, mke wangu!" Lukelo akacheka. Mjuaji yule.

Basi akafunika nukta ya kwanza ng'ambo ya mto. Kesho yake asubuhi akaiona nyingine, ndogo, upande wa shamba lake mwenyewe. Akamwonyesha Gosbert.

"Moto wa kupikia hauonekani kutoka juu huko," Gosbert alisema. "Hiyo ni kasoro ya picha. Futa."

Lukelo akachovya brashi. "Odilia, samahani, nakuzima," akatania, akaifunika.

Wino haujakauka, mvuvi mmoja akachungulia mlangoni. Alinong'ona.

"Mzee Kelestini kafa. Kakutwa dunguni kwake, amekaa kando ya moto. Macho, ndugu yangu... yote meusi. Hata pale peupe."

Dungu la Kelestini lilikuwa ile nukta ya kwanza.

Lukelo akaitupa brashi. Alimpenda mkewe, hilo simnyimi. Akachomoa wembe, akaukwangua ule wino. Akakwangua huku akilia. Nukta ikarudi, nyeupe, imechanikachanika. Akautia wembe mfukoni, akarukia baiskeli mpaka Kivukoni, akavuka kwa mtumbwi.

Kutoka mbali aliona moshi. Moto unawaka! Odilia amekaa, amempa mgongo, anachochea kuni. Mzima!

"Odilia!"

Hakugeuka.

"Mama, ni mimi."

"Nimekujua kwa sauti," akasema taratibu. "Asubuhi giza liliniingia ghafla. Nikasema ni kizunguzungu, kitapita. Halafu mtu akaanza kunikwangua."

"Nani?"

"Sijui. Nilimwomba aache. Nilimwambia naumia, baba. Alikuwa analia, lakini hakuacha."

Ndipo akageuka. Pale palipokuwa na macho palikuwa na mistari myembamba, mingi, imepishana. Damu ilikuwa bado inachuruzika.

Lukelo akaingiza mkono mfukoni. Wembe ule haukugusa kitu ila karatasi. Ulikuwa umelowa, na kwenye makali yake umenasa ukope mmoja.